Somo la Kwanza, Barabara ya Kumi na Nne

Jumamosi, saa tatu kasoro, Ngamiani.
Nyuma ya karakana ya Hizza baiskeli zimening'inia
kwenye ndoana, magurudumu juu,
na chini yake kompyuta tatu nilizozinunua kwa kilo
siku kiwanda cha kamba kilipotupa vyuma chakavu.

Wanafunzi wanne. Mmoja kaja kwa ajili ya feni.

Nimeshika flashi, ndogo kuliko kidole cha mwisho.
Nasema: humu mna mfumo mzima wa kuendeshea kompyuta.
Haununuliwi, hauombi ufunguo,
haukukumbushi kila asubuhi kwamba umeiba.

"Bure ghali," akasema Semhando,
karani mstaafu wa mizani ya mkonge,
ambaye hajawahi kuamini mzigo kabla haujapanda kwenye sahani.
"Nani analipa?"

Nilikuwa nimeandaa jibu refu. Likanikimbia.
Ikabidi niazime spana ya Hizza.

Baiskeli yako, Semhando, ikilegea mnyororo
unamwandikia barua aliyeiunda?
"Naifungua."
Na jirani akikuuliza ulivyoifungua?
"Namwonyesha. Nimnyime ili iweje?"
Basi. Huu umeandikwa na watu wa namna hiyo,
wengi, hawajuani kwa sura,
na kila nati imeachwa mahali mkono unapofika.
Bure ni bei tu. Mimi nimekuja na neno jingine: huru.

Hakutikisa kichwa. Alivuta kiti karibu.

Tukabonyeza kitufe. Kioo kikawa cheusi,
mistari myeupe ikaporomoka
kama mtama unaomiminwa kutoka guniani.
Mwantumu akarudisha mikono mapajani: "Nimeharibu?"
Hapana. Inajihesabu viungo.
Inasema kwa sauti
yale ambayo nyingine huyafanya kimyakimya.

Nitawaambia na ubaya wake, maana nyumbani mtaukuta:
printa ya Mwantumu iligoma, na hata leo imegoma.
Spika za mashine ya pili zilinong'ona tu.
Saa tano umeme ukakatika,
tukaanza tena kwenye bismillahi.

Lakini adhuhuri, tulipokuwa tunafunga,
Mwantumu alisoma kiooni, kidole kikifuata herufi:
*Subiri. Mashine inakufa.*
"Nani kaandika hivi?"
Mfasiri. Mtu fulani, mahali fulani, usiku, amechoka.
"Mashine haifi. Miaka kumi na tisa nina cherehani,
kila jioni naifunika kanga.
Kitakachoamka kesho hakifi."
Unaweza kurekebisha, nikamwambia.
"Mimi?"
Wewe.

Akacheka kicheko cha mtu aliyetajiwa bei ya ajabu.
Kisha akaketi tena, na kwa kidole kimoja
chenye alama za sindano, akaandika: *inajizima*.
Neno moja. Alilitazama kama pindo,
akakagua kama limenyooka.
Tukalituma kwa bando la simu yangu,
lililokuwa limebakiwa na pumzi chache.

Jumamosi ya pili, kimya.
Semhando aliuliza mara nne,
kwa furaha ya mtu anayetaka kushinda.
Jumamosi ya tatu tukavuta masahihisho mapya,
tukasubiri, tukala mihogo,
tukazima kwa makusudi mashine zote tatu:

*Subiri. Mashine inajizima.*

Hakuna aliyepiga makofi. Hizza aliacha kujaza upepo.
Semhando aliinama, akasoma vioo vitatu kimoja kimoja,
kama anayepima mzigo uleule mara tatu.
Mwantumu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Washa," akasema.
"Nione inavyosema ikiamka.
Huenda na huko wamekosea."